Uraia Pacha na Lori la Katiba Mpya

Manzese ya Dar es Salaam imetoa wasafiri tangu zamani. Wako waliozamia meli bandarini wakaibukia ng'ambo, wako waliopanda basi baada ya basi hadi Sauzi, wako waliofika Uingereza wakajilipua, yaani wakaomba ukimbizi kwa kujiita watu wa nchi yenye vita, na wako waliotoka kwa njia iliyonyooka, na visa ya masomo au cheti cha ndoa mkononi. Huko walikokwenda walibeba maboksi, wakaogesha wazee, wakaendesha malori, wakalipa kodi. Baada ya miaka kadhaa wengi wao walifika mahali pamoja, mbele ya afisa, wakila kiapo cha uraia wa nchi nyingine. Bila kiapo hicho wangeendelea kupanga foleni ya vibali na kulala na hofu ya kurudishwa.

Kisa hiki kinawahusu wao na sheria waliyoitaka wasiipate. Nakieleza sasa kwa sababu mazungumzo ya katiba mpya hayajafa nchini, na nawasikia watu wenye nia njema wakijiandaa kurudia hesabu ileile iliyowaangusha.

Kwanza tuelewe kinachouma. Tuseme kuna mama wa mtaa wa Midizini, hapahapa Manzese, ambaye mtoto wake yuko London. Mtoto amechukua uraia wa Uingereza. Siku ile alipoapa, Sheria ya Uraia ya 1995 ilimtoa kwenye hesabu ya Watanzania, kwa kuwa mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza wa kwake. Hakuitwa kujieleza wala hakuandikiwa barua. Aligundua alipotaka kununua kiwanja. Sheria ya Ardhi ya 1999 wakati huo haikumpa ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, na nyumba ya kumsitiri mama yako haikuhesabiwa kuwa uwekezaji.

"Shikamoo mama. Kile kiwanja mmeandikisha jina la nani?"

"Marahaba mwanangu. La kaka yako. Wewe wamesema huwezi."

Miaka inapita, nyumba inapanda, vigae vinawekwa. Kisha kaka anafariki. Mjane ana watoto watatu na karatasi zenye jina la marehemu mumewe. Mtoto wa London ana risiti za kutuma fedha. Ukoo unakaa kikao, mjumbe anaitwa, mwenyekiti wa mtaa anaitwa, shauri linaelekea kwenye mirathi. Katika kisa cha namna hii hakuna mwizi. Mjane ana haki ya kuogopa kutolewa barazani na watoto wake, na shemeji ana haki ya kulilia jasho lake. Waliogombanishwa ni ndugu, na aliyewagombanisha ni kifungu cha sheria.

Kifungu hicho kina historia, na mtu anayetaka kukibadili asiyejua historia yake atabishana na kivuli. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili nani atakuwa raia wa nchi mpya. Wako wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere alisimama kidete dhidi yao, hata akaweka rehani serikali yake: uraia usifuate rangi ya ngozi. Alishinda. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa watu wa rangi zote, uliwekewa sharti kwamba anayeingia achague nchi moja. Macho ya wakati ule yalimtazama mtu aliyekuwa akifanya biashara mjini Dar es Salaam huku pasi ya Uingereza iko kabatini. Hakuna aliyemfikiria kijana atakayetoka Manzese, ambayo siku hizo ilikuwa pembezoni mwa mji, akabebe maboksi Ulaya. Sheria iliyotungwa kumlazimisha mgeni achague ikaja kumnasa mwenyeji aliyetoka kutafuta riziki.

Kufikia miaka ya 2000 majirani walikuwa wanabadilika. Vyama vya Watanzania wa nje vilianza kudai uraia pacha, yaani haki ya kuwa raia wa nchi mbili kwa pamoja, na vilipata rafiki mkubwa: Bernard Membe, Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015, aliliunga mkono jambo hili hadharani. Rais Jakaya Kikwete naye alikutana na Watanzania mara kwa mara katika safari zake. Palikuwa na mikutano, makofi, picha za pamoja.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza kuharibika. Wizara ya Mambo ya Nje haina Sheria ya Uraia. Sheria hiyo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, pamoja na Idara ya Uhamiaji, polisi na wakimbizi. Wizara moja kazi yake ni kuwaona Watanzania wa nje kama ndugu na wawekezaji. Ya pili inaishi na swali la nani ameingia na kwa nini, katika nchi iliyopokea wakimbizi kutoka Rwanda, Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Rafiki aliyepigiwa makofi Washington na London hakuwa mwenye ufunguo. Sidhani kwamba Membe alidanganya, alisema alichokiamini. Lakini waliomsikiliza walichukua ahadi ya moyo wake kama ahadi ya serikali nzima.

Kisha ikaja katiba mpya. Rais Kikwete alitangaza mchakato mwishoni mwa 2010, sheria ya kuuongoza ikapitishwa 2011, na 2012 Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ikaanza kuzunguka nchi ikikusanya maoni. Kila mwenye kilio alikwenda nacho: wanawake waliotaka nusu ya viti, wafugaji, Waislamu waliotaka Mahakama ya Kadhi, wasanii, wazee, wavuvi. Watu wa uraia pacha nao walikwenda, na kila walipouliza sheria itabadilishwa lini, jibu lililowarudia lilikuwa lilelile: leteni maoni, tusubiri katiba. Wakakubali. Wakapakia kifurushi chao kwenye lori kubwa la mtu mwingine, lililokuwa limeshajaa mizigo mizito, na dereva hakuwa wao wala hakuwa ameahidi kufika.

Waliona mfano wa jirani. Kenya ilipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, katiba mpya ikaanza kutumika tarehe 27 mwezi huohuo, na ndani yake Mkenya aliruhusiwa kuwa na uraia wa nchi ya pili. Nani asiyetamani? Lakini Kenya ilipita njia hiyo kwa kulazimika. Katiba yake ya zamani yenyewe ilikuwa inakataza uraia wa nchi mbili, kwa hiyo bila kugusa katiba hakuna ambacho kingefanyika. Uganda vivyo hivyo: katazo lilikuwa kwenye Katiba ya 1995, likaondolewa kwa marekebisho ya 2005, kisha sheria ya 2009 ikaweka utaratibu.

Tanzania haiko hivyo. Katiba ya 1977 haina sura inayosema nani ni raia na nani anapoteza uraia. Inautaja uraia miongoni mwa mambo ya Muungano, inawapa raia haki zao, na mengine yote imeyaachia Sheria ya Uraia. Katazo liko kwenye sheria ya Bunge, na Bunge linaweza kuibadili sheria yake. Hata kama wanasheria wangeshikilia kwamba jambo zito namna hiyo linataka theluthi mbili ya wabunge wote, Bunge la 2010 hadi 2015 lilikuwa na CCM yenye idadi hiyo. Njia fupi ilikuwepo, ngumu lakini fupi. Waliokuwa na haraka kuliko wote wakachagua ndefu.

Na lori lilikuwa limebeba nini kingine? Rasimu ya Jaji Warioba ilipendekeza Muungano wa serikali tatu. Palepale mchakato ukawa vita juu ya nchi yenyewe. Bunge Maalum la Katiba, lenye wajumbe zaidi ya 600, lilianza Dodoma Februari 2014 na likaongozwa na Samuel Sitta, makamu wake akiwa Samia Suluhu Hassan. Ili ibara ipite ilitakiwa theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande peke yake. Baada ya hapo kura ya maoni, nayo kwa kuhesabu pande mbili. Pima mwenyewe: kifungu cha uraia, ambacho kingeweza kujadiliwa wiki moja bungeni, kikawekwa nyuma ya milango minne, na kila mlango ukiwa na watu wanaogombana kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na mtoto wa yule mama.

Tarehe 16 Aprili 2014 wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini. Hapa Manzese inaingia kwa namna ambayo watu wengi hawakuiona. Wakati ule Manzese ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni na jimbo la Ubungo, na mbunge wake alikuwa John Mnyika wa CHADEMA, kimoja cha vyama vya UKAWA. Siwalaumu waliotoka, waliamini rasimu ya wananchi inachinjwa. Lakini kwa uraia pacha matokeo yalikuwa kwamba ibara zilipopigiwa kura, mwakilishi wa mtaa uliopeleka watoto wake kila pembe ya dunia hakuwemo ndani.

Rasimu ya Warioba yenyewe haikuwa imewapa uraia pacha. Iliwapa wenye asili ya Tanzania hadhi ambayo ingeainishwa baadaye na sheria, na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa tarehe 2 Oktoba 2014 ikabaki hapohapo. Baada ya maoni yote, mikutano yote na nauli zote za ndege kwenda Dodoma, walichopata ni ahadi ya sheria nyingine. Hata hiyo haikufika. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015. Mwanzoni mwa mwezi huo Jaji Damian Lubuva wa Tume ya Uchaguzi akatangaza imeahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura kwa mashine za alama za vidole haukuwa umekamilika. Haikufanyika tena. Oktoba nchi ikaingia kwenye uchaguzi, Rais John Magufuli akaingia madarakani, na baadaye akasema wazi kwamba katiba mpya haikuwa kipaumbele chake. Lori likaegeshwa, mizigo yote ikiwa juu.

Naomba nisieleweke vibaya. Katiba mpya ni jambo la haki, na walioidai walikuwa na sababu. Ninachosema ni kwamba mwenye haja ndogo na ya haraka, anapoambiwa na mwenye mamlaka asubiri jambo kubwa, anapaswa kuuliza kwa sauti: kwa nini? Jambo langu linahitaji lipi katika hilo kubwa? Kama halihitaji lolote, basi huenda ameelekezwa barazani akae asisumbue. Serikali nyingi zinapenda kujibu hivi kwa sababu jibu hili halina kosa. Hakuna aliyekataliwa na hakuna wa kulaumiwa.

Wamarekani, ambao miongoni mwa wasio na makaratasi kwao wamo pia watoto wetu, wamelipia somo hili kwa bei kubwa zaidi. Tarehe 27 Juni 2013 Seneti yao ilipitisha mswada wa uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32. Ndani yake palikuwa na kila kitu: ulinzi wa mpaka, visa za wataalamu, vibarua wa mashambani, na njia ya uraia kwa watu waliokadiriwa kufika milioni 11. Kila kundi lilikataa kipande cha mwenzake kitoke peke yake, likiogopa kwamba mwenzake akishashiba hatabaki kusaidia. Spika wa Baraza la Wawakilishi, John Boehner, hakuuleta mswada huo kupigiwa kura hata mara moja. Mwaka uliofuata, Juni 2014, Eric Cantor, wa pili kwa cheo katika chama cha Boehner barazani, aliangushwa kwenye kura za mchujo jimboni kwake Virginia na mwalimu wa chuo asiyejulikana, Dave Brat, aliyemshambulia kwa suala la uhamiaji. Baada ya hapo ni nani angethubutu?

Mtu atasema mswada mdogo nao unaweza kushindwa, na atakuwa amesema kweli. Mswada wa vijana waliopelekwa Marekani wakiwa watoto, ulioletwa kwa mara ya kwanza 2001, ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2010 ukakwama Seneti kwa kukosa kura tano. Ulishindwa, lakini tazama ulivyoshindwa: kila mtu alijua kura ngapi zimepungua, za nani, kutoka jimbo gani, na uchaguzi ujao wamfuate nani. Watu wa uraia pacha mpaka leo hawawezi kukuambia ni nani aliyewanyima, kwa sababu hapakuwa na siku ambayo swali lao lilisimama peke yake likahesabiwa.

Kisa cha Cantor kinanirudisha Manzese, kwa sababu hapa ndipo naona kosa la pili, na kwangu ni kubwa kuliko la kwanza. Jambo la mtu aliye mbali huamuliwa na mpiga kura aliye karibu. Aliye London hapigi kura Ubungo. Anayepiga ni mama yake, shemeji yake, fundi aliyemjengea nyumba, kijana wa mitumba anayeuza mzigo aliotumiwa na binamu yake. Hao hawakuendewa. Kampeni ilifanyika kwenye kumbi za hoteli na balozi, kwa lugha ya uwekezaji na fedha za kigeni, kana kwamba aliyebaki nyumbani ana deni la shukrani kwa aliyeondoka. Jaribu kumwambia hivyo mama lishe aliyesimama juani tangu alfajiri, uone atakavyokujibu.

Kijiweni nako kulikuwa na hofu, na hofu hizo zilistahili majibu. Wataiba serikalini wakimbilie kwao pa pili. Watakuja na pauni wanunue viwanja vyote, sisi tusukumwe Kibaha. Ikitokea vita atapigana upande gani? Visiwani palikuwa na hofu nyingine, kwamba walioondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuwa raia wa Oman watarudi kudai majumba. Majibu yalikuwepo. Kenya imewazuia wenye uraia wa nchi mbili kushika nyadhifa za juu za dola au kuwa wanajeshi, tena ndani ya katiba yenyewe. Ardhi inaweza kuwekewa ukomo kwa mtu mmoja. Wizi wa mali ya umma umefanywa na watu wenye pasi moja tu, nao walikimbia. Kama majibu hayo yangepelekwa kwenye mikutano ya serikali za mitaa ya Uzuri, Mvuleni na Kilimani, wazazi wa wasafiri wakisimama wenyewe kueleza, mbunge wa chama chochote angeanza kuulizwa jambo hili na watu wanaoweza kumwangusha.

Kilichotokea baadaye kinathibitisha kwamba njia fupi haikuwa ndoto. Miaka takriban kumi baada ya Dodoma, bila katiba mpya na bila kura ya maoni, serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuwapa wenye asili ya Tanzania hadhi maalum. Yanahusu kuingia nchini, kukaa na kumiliki ardhi kwa masharti. Uraia haumo, kura haimo. Wako wanaoidharau hatua hii, na ninaelewa uchungu wao: kukaribishwa kwa kadi katika nyumba uliyozaliwa kunauma. Lakini kwa yule mama wa Midizini, kiwanja kuandikwa jina la aliyekilipia ni jambo zito kuliko hotuba zote za 2014, na lingeweza kufanyika mwaka huohuo wa 2014.

Sasa maneno ya katiba mpya yameanza tena, na tayari nasikia watu wakisema uraia kamili usubiri humo. Wanaosema hivyo wasome Sheria ya Uraia kwanza, wakiandike kifungu wanachotaka kibadilike kwa ukurasa mmoja, wakipeleke Mambo ya Ndani, na nakala kwa mbunge na diwani wa kila kata yenye mtoto nje. Wanaotaka katiba nao waendelee kuidai. Mambo mawili haya yanaweza kwenda kila moja kwa miguu yake.

Na familia zisikae bure. Hadhi maalum itamtaka mtu athibitishe asili yake, na hapo Manzese ina tatizo lake, kwa kuwa wazee wengi waliohamia hapa kutoka mikoani hawakuwahi kuandikishwa walipozaliwa. Mjukuu aliyezaliwa Birmingham, ambaye akifika miaka 18 atatakiwa kuchagua uraia mmoja, atahitaji kuonyesha kwamba bibi yake ni wa hapa. Cheti cha bibi kinatafutwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, bibi mwenyewe akiwa hai na akikumbuka kijiji, jina la baba yake, na shahidi wa kumtaja. Akishazikwa, mjukuu atabaki na mashahidi wa kuambiwa tu.